Nani Atunzwe?

Mwaka 1989 kundi la wasichana watatu wa New York, Seduction, lilitoa kibao cha dansi kiitwacho "(You're My One and Only) True Love". Wimbo ukapanda chati za Marekani. Kundi lilikuwa na Idalis DeLeón, April Harris na Michelle Visage, lakini sauti inayoongoza wimbo ule si ya yeyote kati yao. Ni ya Martha Wash, mama aliyekulia kwenye nyimbo za kanisani huko San Francisco, ambaye mwaka 1982 alikuwa nusu ya The Weather Girls walioimba "It's Raining Men".

Wiki hii nimeurudia wimbo huo mara nyingi, na kila mara najiuliza swali lile lile: kosa liko wapi hasa? Ukiangalia haraka, hakuna aliyeibiwa. Wash aliingia studio kwa miguu yake, akaimba, akalipwa, akaenda zake. Maprodyuza, Robert Clivillés na David Cole, walinunua kazi, na muuzaji aliridhika na bei.

Ila mchezo haukuishia hapo. Sauti yake ilitumika kwenye nyimbo za Black Box, kundi la Italia, huku kwenye video akionekana mwanamitindo Katrin Quinol akichezesha midomo. Kisha Clivillés na Cole wakaitumia tena kwenye "Gonna Make You Sweat" ya C+C Music Factory, wimbo uliofika namba moja Marekani mwaka 1991. Ule ukelele wa kuita watu wacheze, ambao hata wewe umeusikia kwenye mazoezi ya viungo au uwanja wa mpira, ni wake. Kwenye video tunamwona Zelma Davis, msichana mwembamba. Wash alikuwa mnene, na mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba umbo lake ndilo lililomweka nyuma ya pazia. Alikwenda mahakamani. Mambo yakaisha kwa makubaliano, na kampuni ya rekodi ikaomba video ile iongezewe maandishi ya kumtaja kama mwimbaji.

Rafiki yangu mmoja, mwanasheria, anasema namhurumia bure. "Fundi cherehani anashona gauni la harusi," aliniambia. "Nani anamuuliza bibi harusi jina la fundi? Kalipwa, basi."

Nililifikiria lile gauni kwa siku mbili. Ni kweli fundi hatajwi ukumbini. Lakini hakuna mtu pale anayeambiwa kwamba bibi harusi ndiye aliyelishona. Akiulizwa, atasema. Fundi aliuza gauni, hakuuza ukweli kwamba yeye ndiye fundi. Tena kesho yake kuna mtu atalipenda lile gauni, ataulizia, na fundi atapata mteja. Wash alinyimwa hiyo kesho. Kila wimbo uliovuma ulikuwa barua ya sifa iliyoandikwa jina la mtu mwingine.

Wala si kuchezesha midomo kunakonisumbua. Sisi watu wa Pwani tumelelewa na filamu za Kihindi. Wazazi wetu walijua kabisa kwamba yule mrembo anayezunguka mti haimbi yeye, na walimpenda yeye na wakampenda Lata Mangeshkar, kila mmoja kwa fungu lake. Lakini hata huko haikuanza hivyo. Filamu ya Mahal ilipotoka mwaka 1949, santuri ya wimbo wake uliovuma zaidi iliandikwa jina la Kamini, yaani mhusika wa kwenye hadithi, badala ya Lata. Baadaye majina ya waimbaji yakaanza kutajwa, na hakuna filamu iliyoharibika kwa hilo. Watu waliendelea kulia palepale pa kulia. Kumbe burudani haihitaji uongo. Uongo ulikuwa wa kumrahisishia muuzaji kazi.

Wale wasichana wa mbele nao nawaonea huruma. Mwaka 1989 Seduction walitoa "Two to Make It Right", wakaimba wenyewe, na mwaka 1990 wimbo ukafika namba mbili Marekani. Walikuwa na sauti! Aliyewapa sauti ya kuazima aliwafundisha kwamba zao hazitoshi.

Najua kidogo hali ya kusimama pale mbele. Muhula uliopita tulikuwa na kazi ya kikundi. Mwenzetu mmoja, anayepata kigugumizi akisimama mbele za watu, alikaa wiki tatu akichambua takwimu zetu zote. Siku ya kuwasilisha, yeye mwenyewe alisema, "Dada, ongea wewe, unajua kuongea." Nikaongea. Slaidi ya kwanza ilikuwa na majina yetu wote, kwa hiyo hakuna kanuni niliyovunja. Mwisho mhadhiri akasema uchambuzi wangu ni wa kiwango cha juu, akasisitiza "wako", na darasa likapiga makofi. Nilisema, "Ahsante sana." Maneno mawili tu. Mwenzangu alikuwa kwenye kiti cha pembeni, anapiga makofi na wengine.

Aliridhia niongee. Hakuridhia ile ahsante, wala hakuna aliyemuuliza.

Kwenye taarabu, wimbo ukikukuna unainuka na noti yako, unacheza mpaka jukwaani, unamtunza mwimbaji mkononi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ili utunze, lazima uione sura ya aliyekukuna. Aliyemficha Martha Wash alimpunja yeye, na alitupunja na sisi: maelfu ya watu waliinuka na noti zao wakampa asiyestahili, bila kujua.

Jana nilimwandikia mhadhiri. Mistari minne: uchambuzi ule ulifanywa na fulani, mimi niliuwasilisha tu, nilipaswa kusema siku ile. Kabla ya kutuma nilimwonyesha mwenzangu. Akasoma, akanyamaza kidogo, halafu akaniambia jina lake la mwisho nimelikosea herufi moja.