Nyumba Imekosa Nini?

Mji wa Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, uko kando ya barabara kuu ya Morogoro, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam. Kila mwaka jiji lazidi kuusogelea, na watu waliochoka kulipa kodi mjini huja huku kutafuta kiwanja au nyumba ya kununua. Katika kata ya Tangini, kama katika mitaa mingine ya mji huo na ya Kisarawe jirani yake, si jambo geni kuona maandishi ukutani ya kwamba nyumba hii inauzwa. Wala si jambo geni kumwona dalali akitangulia mbele, na mume na mke wakimfuata nyuma, wakitazama dari, wakigonga kuta, wakifungua mabomba.

Wakiisha kutazama, husema neno lao, na neno lenyewe mara nyingi humstaajabisha msikilizaji. Mmoja aikataa nyumba kwa kuwa mlango wake waelekea magharibi, jua litokomeako. Wa pili asema kwamba bundi alilia juu ya paa. Wa tatu ameona mbuyu uani, na mbuyu, ati, hauishi bila mwenyewe. Wa nne ameona kaburi chini ya mwembe. Wa tano amesikia kwamba mwenye nyumba alifia chumbani. Na wa sita amvuta dalali pembeni na kumnong'oneza kwamba nyumba ni nzuri, bei ni nzuri, lakini jirani wa upande wa kushoto ni bibi kizee, na macho yake ni mekundu.

Yafaa tusicheke upesi, kwa maana chini ya maneno hayo kuna swali la haki. Je, mtu ana ruhusa ya kuikataa nyumba kwa sababu yoyote imjiayo moyoni? Na kama anayo, je, sababu hizo zote ni sawa?

Kwanza tukubali kwamba mnunuzi ni huru. Nyumba si gunia la mahindi, ambalo likiwa bovu hulitupa na kununua jingine. Wengi wetu hununua nyumba mara moja tu katika maisha, tena kwa akiba ya miaka mingi. Ndani yake watoto watakua, wagonjwa watauguzwa, wazee watafunga macho. Mtu asiyepata usingizi katika nyumba hawezi kulazimishwa kuipenda, hata akishindwa kueleza kinachomnyima usingizi. Sababu ya ajabu machoni petu si lazima iwe sababu mbaya. Jirani yetu Mwislamu akiikataa nyumba kwa kuwa choo chake chaelekea kibla, hafanyi upuuzi. Aiheshimu dini yake. Na mwanamke akikataa jiko lililo kama lile alimofiwa na mtoto wake, nani atamwambia kwamba amekosea hesabu?

Hata mila ya kuogopa nyumba iliyofiwa ilikuwa na akili yake. Zamani, kwa Wakikuyu wa Kenya na makabila mengine ya Afrika ya Mashariki, kibanda alimofia mtu kiliachwa au kuharibiwa. Kibanda cha miti na udongo kilijengwa kwa siku chache kwa msaada wa majirani. Tena katika siku ambazo ndui na tauni hazikuwa na dawa, kukihama kiliwaokoa wengine. Hasara ilikuwa ndogo na faida yaweza kuwa kubwa. Lakini nyumba ya matofali ya saruji na bati, iliyojengwa kwa miaka kumi, tofali moja baada ya jingine, haiwezi kuachwa kwa sababu hiyo. Mila imebaki, na mambo yaliyoizaa yameondoka. Tena mwenye kutafuta nyumba ambamo hakuna mtu aliyekufa anatafuta nyumba ambamo hakuna mtu aliyekaa sana.

Ziko pia sababu ambazo ni pazia tu. Baba wa watu amezunguka vyumba vyote, na moyo wake umeridhika. Lakini alipoisikia bei alijua kwamba mfuko wake haufiki. Kusema hivyo mbele ya mkewe na ya dalali ni aibu. Basi autazama mlango na kusema, “Huu unaelekea magharibi, sisi kwetu hatukai nyumba ya namna hii.” Hapo mlango umebeba mzigo usio wake. Twamwonea huruma baba huyo. Lakini twamwambia kwa upole kwamba kusema “Sina uwezo” si aibu, na kwamba neno lake la uongo halibaki pale alipoliacha. Kesho dalali atamwambia mteja mwingine kwamba nyumba hii ina maneno. Keshokutwa bei itashuka. Nyumba ambayo haikuwa na kosa lolote itakuwa imepata jina baya.

Na hapa ndipo tunapoifikia sehemu nzito ya jambo hili. Sababu ya kuikataa nyumba husafiri. Isemwapo juu ya ukuta, hasara ni fedha. Isemwapo juu ya mtu, hasara ni mtu mwenyewe. Yule bibi kizee wa macho mekundu hakuuza kitu, wala hakununua kitu. Alikuwa uani pake akipepeta mchele. Lakini baada ya wateja watatu kuondoka kwa sababu yake, mwenye nyumba ameanza kumtazama kwa chuki, vijana wa mtaa wamepata jambo la kuzungumza, na mama waliokuwa wakimtuma mtoto kumpelekea uji wamesita.

Hatusemi hayo kwa kutia chumvi. Kwa miaka mingi, hasa katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, akina mama wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na macho mekundu ndiyo yaliyotajwa kuwa ushahidi. Kumbe macho hayo yaliiva kwa moshi: moshi wa kuni na wa mavi makavu ya ng'ombe, ambao mwanamke huyo aliupuliza miaka hamsini ili wengine wapate kula. Hatumfananishi mnunuzi wa nyumba na mwuaji. Twasema tu kwamba uvumi aliouacha mtaani ni wa namna ile ile, na kwamba yeye hajui utaishia wapi baada yake. Wahenga walisema, “Lisemwalo lipo, kama halipo, laja.” Methali hiyo wengi huitumia kuuthibitisha uvumi. Sisi twaisoma kama onyo: neno la uongo likirudiwa mara nyingi huleta lenyewe ubaya liliousema.

Ndivyo ilivyo pia kwa wanaoikataa nyumba kwa sababu ya kabila la jirani, au dini yake, au ugonjwa wa mtoto wake. Wana ruhusa ya kuondoka. Hawana ruhusa ya kumchafua jirani wakiwa njiani kuondoka.

Sasa tumgeukie mwuzaji, maana naye ana swali lake. Mjane auza nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe, ili asomeshe watoto. Mumewe alifia humo. Je, anao wajibu wa kumwambia mnunuzi?

Swali hili ni la zamani kuliko tudhanivyo. Cicero, mwanasiasa wa Roma, aliliandika mwaka 44 kabla ya Kristo, tena kwa mfano wa nyumba: mtu auza nyumba ambayo yeye peke yake ajua kwamba yadhuru afya, nyoka huonekana vyumbani, na mbao zake ni mbovu. Akataja wanafalsafa wawili waliogombana juu yake. Diogenes wa Babeli alishikilia kwamba mwuzaji hakumlazimisha mtu kununua, basi kunyamaza si kudanganya. Antipater alijibu kwamba kunyamaza namna hiyo ni sawa na kumwona mtu aliyepotea njia na kukataa kumwonyesha. Cicero mwenyewe aliamua kwamba mwuzaji hakupaswa kuficha. Katika karne ya 13 Mtakatifu Thomas wa Akwino akalipima tena: kasoro iliyofichika, iwezayo kumletea mnunuzi hatari au hasara, lazima isemwe, na mfano mmoja alioutoa ni wa nyumba iliyo karibu kuanguka, bali kasoro iliyo wazi kwa kila mwenye macho si lazima itangazwe.

Kwa kipimo hicho, kifo cha yule baba si kasoro ya nyumba. Hakitoboi paa wala hakipasui msingi. Mjane hana wajibu wa kusimama barazani akikitangaza. Lakini akiulizwa, aseme kweli, bila kuona haya, kwa maana kufa kwa mumewe kitandani pake, mikononi mwa watu wake, si fedheha. Uongo ndio ungekuwa fedheha.

Mwaka 1991 mahakama ya rufani ya jimbo la New York, huko Marekani, iliamua kesi ya namna hii. Mtu mmoja alilipa sehemu ya bei ya nyumba katika kijiji cha Nyack, kisha akasikia kwamba nyumba ile yasifika kuwa na mizimu. Mwuzaji mwenyewe alikuwa amezieneza habari hizo magazetini kwa miaka mingi, lakini mnunuzi, aliyekuwa mgeni, hakuambiwa neno. Mahakama ilimruhusu avunje mapatano. Majaji hawakufanya utafiti wa mizimu. Walisema kwamba mtu aliyeutangazia umma habari ya nyumba yake hawezi kuikana mbele ya mnunuzi, ikiwa habari hiyo imekwisha kuishusha thamani. Kumbe sheria yajua kwamba uvumi, hata usio na kweli ndani yake, hupunguza mali ya mtu. Ndiyo sababu wanaouanzisha kwa mzaha wanapaswa kuogopa.

Basi mnunuzi afanyeje? Aulize, lakini aulize yanayoulizika. Kitabu cha Walawi, sura ya 14, chaeleza habari ya nyumba iliyoingiwa na ukungu. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aendaye kutoa habari. Kuhani huja kutazama kwa macho yake, huifunga nyumba siku saba, hurudi kutazama tena. Mawe mabovu hutolewa, ukuta hupigwa lipu mpya. Na ubaya ukirudi baada ya hayo yote, ndipo nyumba hubomolewa. Hakuna kunong'ona katika utaratibu ule. Kuna kutazama, kungoja, na kupima.

Mnunuzi wa Tangini naye anayo mengi ya kutazama. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kando ya barabara ya Morogoro, toka Kimara hadi Kiluvya, kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Je, amepima hatua toka barabarani? Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko yaliwaua watu Dar es Salaam na kuwatoa wengi katika bonde la Msimbazi. Wakapewa viwanja Mabwepande, na baadhi yao wakarudi bondeni. Je, ameuliza maji ya masika hupita wapi? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi yote ni mali ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Anachopewa mtu ni haki ya kuimiliki. Je, ameiona hati, na kuithibitisha kwa maofisa wa ardhi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi. Je, ameisikia ridhaa ya mke kwa kinywa chake, au alimwona tu akipita na ndoo kichwani, amenyamaza?

Hata kaburi lililo chini ya mwembe laulizika, si kwa sababu marehemu atatoka, bali kwa sababu watu wake wangali hai. Ni la ukoo gani? Watakuja kulizuru? Wamekubali liuzwe pamoja na kiwanja, au litahamishwa kwa heshima na kwa kufuata sheria? Hayo ni maswali ya mtu mwenye akili na mwenye adabu. Ajabu yetu ni kwamba mtu aweza kumkimbia bundi asiyemdhuru, akaenda kununua nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara.

Wazazi, twawaombeni jambo moja. Watoto wenu huwafuata mnapokwenda kutazama nyumba, na husikia sababu mnazozitoa. Wakisikia kwamba nyumba imekataliwa kwa sababu ya mkondo wa maji, wamejifunza kupima. Wakisikia kwamba imekataliwa kwa kuwa fedha hazitoshi, wamejifunza kweli. Bali wakisikia kwamba imekataliwa kwa sababu ya macho ya bibi wa jirani, wamejifunza kumwogopa mtu asiyewakosea, na somo hilo watahama nalo katika kila nyumba watakayokaa.

Kabla ya kuondoka, basi, pigeni hodi kwa yule bibi. Mwamkieni shikamoo, mkaeni barazani pake, mmwulize maji hupatikana siku zipi, na wezi huja kwa njia ipi. Yeye amekaa mtaani miaka mingi kuliko dalali. Yawezekana akawaambia juu ya nyumba ile jambo ambalo hakuna mwingine angewaambia, nanyi mkainunua au mkaiacha kwa sababu ya haki.