Je, Yafaa Ndugu Kuandikiana?

Marafiki wakikusanya fedha ili wanunue kiwanja na kujenga nyumba ya kupangisha, mara nyingi husema: "Sisi ni ndugu, ya nini kuandikiana?" Maneno haya ni ya upendo. Lakini yafaa tuyapime, wasomaji wapendwa: je, kuandikiana hati na rafiki ni dalili ya kutomwamini?

Kwanza tuangalie hati yalinda nini. Wengi hudhani yamlinda mtu na hila ya mwenzake. Lakini wenye ubia hugombana mara nyingi pasipo hila yo yote. Mmoja alitoa fedha, wa pili akatoa kiwanja. Wa tatu hakutoa ila kazi yake, akasimamia mafundi mwaka mzima. Baada ya miaka 10 kila mmoja alikumbuka jasho lake kuliko la mwenzake. Hapo hapana mwongo. Pana usahaulifu tu. Wazee walisema kweli: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena wako wasiokuwapo siku ya mapatano: mjane na yatima. Sheria zajua njia mbili za kumiliki ardhi pamoja. Kwa njia ya kwanza, mmoja akifa, haki yake humwendea mwenziwe aliye hai. Kwa ya pili, kila mmoja ana fungu lake, nalo huwaendea warithi wake. Huko Kenya, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba njia ile ya kwanza, ikianzishwa sasa, ni ya mume na mke tu, isipokuwa mahakama imetoa ruhusa. Marafiki basi humiliki kwa mafungu. Lakini fungu la marehemu ni kiasi gani? Kama halikuandikwa, mjane atajibu nini?

Mahali watu waliponyamaza, sheria huwasemea, wala haiwajui. Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890 yaamuru kwamba, pasipo mapatano mengine, wabia hugawana faida sawasawa, na hasara vilevile, hata kama mmoja alitoa mtaji mwingi na mwingine kidogo.

Twasoma katika kitabu cha Yeremia, mlango wa 32, kwamba nabii alinunua shamba la Anathothi kwa Hanameli, jamaa yake. Alipima shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akaitia muhuri, akaweka mashahidi. Nayo ikatiwa katika chombo cha udongo ipate kudumu. Walikuwa jamaa, tena mji ulikuwa umehusuriwa. Hata hivyo hakuona haya kuandika.

Mtu atasema: Mwenye kuhesabu mafungu ameanza kujitenga moyoni. Neno hili lina uzito, maana hati haiwezi kumfanya mlaghai kuwa mwaminifu. Kwa hiyo mchague mtu kwanza, ndipo mwandike. Lakini tazameni ni nani aumizwaye na ukimya. Mwenye fedha haoni shida. Mnyonge, aliyetoa kazi, huona haya kuuliza, asije akadhaniwa mwenye tamaa. Si haki kumngoja yeye aanze. Mwenye nguvu ndiye apaswaye kuleta kalamu.

Na waandike nini? Kila mmoja ametoa nini, hata kazi ihesabiwe. Nani atapokea kodi na kutunza daftari. Nani atalipa paa likivuja. Mkopo utachukuliwa kwa idhini ya nani. Na mmoja akitaka kutoka, nani atalithamini fungu lake. Kisha yasomwe mbele ya mashahidi, wake zao wakisikia.

Kumwamini mtu ni kutumaini kwamba atalishika neno lake. Hati haiondoi tumaini hilo; yaonyesha neno lenyewe lilikuwa lipi, ili hata watoto wetu wapate kulishika.