Haki Inayongoja Saa Tatu na Nusu

Nchini England, mtu aliyefikia umri wa pensheni, au mwenye ulemavu unaotambuliwa na sheria, hupanda basi la kawaida bila kulipa nauli. Sheria iliyotungwa mwaka 2007 na kuanza kutumika nchi nzima tarehe 1 Aprili 2008 inamruhusu kufanya hivyo kuanzia saa 3:30 asubuhi hadi saa 5:00 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, na saa yoyote mwishoni mwa wiki na siku za sikukuu. Akipanda mapema zaidi hulipa kama abiria mwingine yeyote, isipokuwa halmashauri ya eneo lake imelegeza sharti hilo kwa fedha zake yenyewe. Wales na Scotland, ambazo zimo katika dola hiyohiyo, hazikuweka mpaka wa saa, na huko wazee huanza kunufaika wakiwa na miaka 60. England umri ulianza kupandishwa mwaka 2010 ukifuata wa pensheni, na kufikia 2020 ulikuwa miaka 66.

Tofauti hiyo ya saa inaibua swali la msingi: je, mtu anaweza kuwa na haki ya kitu kwa saa fulani tu? Kwa haraka mtu atajibu kwamba anaweza. Haki ya kupiga kura hutumika siku ya uchaguzi, na hakuna anayelalamika kwamba kituo kimefungwa siku nyingine. Lakini siku ya uchaguzi inawabana wapiga kura wote sawasawa. Mpaka wa basi unawabana baadhi ya abiria kwa sababu abiria wengine wanakitaka kiti kilekile kwa saa ileile. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba haki nyingine nazo zina mipaka. Inabidi sababu ya mpaka huu ipimwe peke yake.

Sababu inayotajwa zaidi ni ya kiuchumi. Basi linalopita saa nne asubuhi lina viti vitupu, na anayekalia kimoja haongezi gharama yoyote ya maana. Saa moja na nusu hali ni nyingine: abiria akiongezeka, ama mwingine anaachwa kituoni, ama kampuni inalazimika kununua basi jingine na kuajiri dereva mwingine. William Vickrey, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1996, alikwisha kupendekeza mwaka 1952 kwamba nauli za treni za chini ya ardhi za New York zitofautiane kulingana na msongamano. Hoja yake ilikuwa kwamba anayesafiri saa ya kilele alipe gharama anayoisababisha.

Hoja hiyo ni nzito, ila haisemi kile ambacho watetezi wa mpaka huu wangependa iseme. Vickrey hakumtenga mzee wala mwenye ulemavu. Kwake, kila abiria wa saa ya kilele ana sehemu yake katika msongamano. Kijana anayewahi ofisini anakalia kiti kimoja, na bibi anayewahi kliniki anakalia kiti kimoja. Mara nyingi kijana huyo ana tiketi ya mwezi inayompunguzia gharama ya kila safari, zikiwamo za asubuhi. Ikiwa msongamano ndio tatizo, nauli ya kijana nayo ingepaswa kupanda. Watetezi wana jibu, nalo lina haki yake: mzee hatozwi adhabu, anarudishwa tu kwenye nauli ya wote. Ni kweli. Lakini hapo hoja ya viti imekwisha kuachwa, na kinachojadiliwa sasa ni nani anastahili msamaha wa nauli na kwa misingi gani.

Njia ya fedha inaonyesha jambo hili wazi zaidi. Halmashauri za England huzifidia kampuni za mabasi kwa kanuni kwamba kampuni isipate faida wala hasara kutokana na mpango huu. Fidia huhesabiwa hasa kwa nauli ambazo zingelipwa kama msamaha usingekuwapo. Safari ambayo mtu asingeifanya kwa kulipa, kama matembezi ya kupunga upepo, huipatia kampuni fidia ndogo sana. Safari ambayo angeifanya hata kwa kulipa ndiyo ghali kwa halmashauri. Na safari za aina hiyo zimejaa asubuhi: kwenda kazini, hospitali, shuleni na mjukuu ambaye wazazi wake wamekwisha kuondoka. Hivyo mpaka wa saa unaokoa fedha nyingi zaidi pale unapoikamata safari isiyoepukika. Safari ya hiari hubaki bure, na ya lazima hulipiwa. Mpango wa hisani unaweza kuishi na hali hiyo. Mpango unaodai kulinda ushiriki wa mtu katika jamii hauwezi kuieleza.

Pasipo fidia, mpaka hujiweka wenyewe. Dar es Salaam, mwanafunzi hulipa nauli ndogo kuliko ya mtu mzima kwenye daladala, na pengo hilo hubebwa na mwenye gari. Kila mkazi wa jiji hilo amemwona konda akiwazuia wanafunzi mlangoni asubuhi, watu wazima wakipita. Hakuna kanuni inayomtuma; anapiga hesabu. Mpaka wa England una walau sifa ya kuandikwa, ukajulikana na kuweza kupingwa.

Linabaki kosa kubwa zaidi la mpaka huo, yaani kuwafunga pamoja watu wenye misingi miwili tofauti. Aristotle alifundisha kwamba haki ya mgawanyo ni kuwatendea sawa walio sawa, na walio tofauti kwa kadiri ya tofauti yao. Mzee mwenye afya hupewa msamaha kwa kudhaniwa kwamba kipato chake kimepungua na muda wake umeongezeka. Dhana ya muda ndiyo inayouhalalisha mpaka: anaweza kungoja. Si kila mzee anaweza, maana miadi ya daktari haipangi yeye, na kijijini basi likikosekana saa 3:20 linalofuata huenda likaja baada ya saa nzima au mbili. Hata hivyo, kwa wengi wao dhana hiyo si ya kipuuzi.

Kwa asiyeona, dhana hiyo haisimami kabisa. Yeye anapewa kadi ya kusafiri bure kwa sababu haoni, na sababu hiyo ipo saa moja asubuhi kama ilivyo adhuhuri. Mwanauchumi Amartya Sen ameeleza kwamba mwenye ulemavu huhitaji rasilimali zaidi ili kufanya kilekile ambacho mwingine anakifanya kwa kidogo; nauli ya bure ni sehemu ya kuliziba pengo hilo. Kumwambia angoje hadi saa tatu na nusu ni kuchukulia kwamba hana kazi ya kuwahi.

London imeonyesha kwamba misingi hiyo miwili inaweza kutenganishwa. Mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko, safari za bure za wazee kabla ya saa tatu asubuhi ya siku za kazi zilisimamishwa katika jiji hilo, na mwaka 2023 sharti hilo likafanywa la kudumu. Mwenye kadi ya ulemavu hakuguswa. Mabasi ya jiji anayapanda bure mchana na usiku. Penye mabasi yanayojaa kweli, mpaka wa saa kwa wazee unaweza kutetewa. Kwa watu wenye ulemavu hauna utetezi, na England inapaswa kuwaondolea.