Wale Tisa Wako Wapi?

Mvuvi wa Kabimba arudipo alfajiri na dagaa, husema, “Nimepata.” Ni nani aliyempa? Ziwa Tanganyika hakuliumba yeye, wala giza liwaletalo dagaa kwenye taa.

Bwana Yesu aliponya wakoma kumi. Mmoja tu, tena Msamaria, akarudi kushukuru. Yesu akauliza walipo wale tisa. Basi mkatekumeni asihesabiwe pamoja nao. Kila jioni, kabla ya kulala, ataje mbele ya Mungu mema matatu ya siku ile: ugali wa moto, upepo wa ziwa, kicheko cha mtoto. Hata siku ya nyavu tupu asinyamaze.

Ekaristi maana yake ni shukrani. Azoeaye kushukuru kwa dagaa, huitayarishia roho yake Meza ya Bwana.