Je, Mwenye Vipawa Viwili Sharti Aache Kimoja?

Katika darasa langu la mwaka wa sita yumo kijana mmoja ambaye jina lake sitalitaja, kwa kuwa angeona haya. Kijana huyu amejaliwa mikono myepesi. Katika mpira wa miguu yeye ndiye mlinda lango wetu, na tangu asimame langoni tumefungwa mara chache. Katika mpira wa kikapu vilevile, ingawa ni mwaka wa pili tu tangu aanze kuucheza, vijana wakubwa wa mjini Bukavu humwita acheze nao. Ikatukia kwamba michezo yote miwili ikawekwa Jumamosi moja, saa tisa alasiri, na pande zote mbili zikawa zinamngojea. Akanijia Ijumaa jioni, nilipokuwa nikifuta ubao, akaniuliza: «Mwalimu, nifanyeje?»

Nami, kwa kuwa nilikuwa nimechoka, nikamjibu upesi: «Mwanangu, mshika mbili moja humponyoka. Chagua mchezo mmoja, na wa pili uuache kabisa.» Akaitikia, «Ndiyo, Mwalimu,» akaenda zake ameinamisha kichwa.

Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Methali ni mali tuliyoachiwa na wazee, lakini mtu aweza kuitumia kama kizibo, ili muulizaji anyamaze tu. Je, ni kweli kwamba aliyepewa mawili sharti atupe moja?

Na tumtazame mtu wa nchi yetu wenyewe. Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Alisoma katika Koleji ya Boboto ya Mapadri Wayesuiti, na nia yake ilikuwa kuwa daktari. Mchezo wa utoto wake ulikuwa mpira wa miguu, naye alikuwa mlinda lango. Mpira wa kikapu ulimjia baadaye, alipokuwa na umri wa miaka kama 16: baba yake na ndugu yake ndio waliomhimiza, kwa sababu ya urefu wake. Mwisho urefu huo ulifika mita 2 na sentimeta 18. Katika nyumba zetu nyingi za hapa Kivu angeingia akiwa amejikunja kama upinde.

Mwaka 1987 alikwenda Marekani kwa msaada wa masomo, akaingia Chuo Kikuu cha Georgetown, nacho pia ni cha Wayesuiti. Huko mfundishaji wa mchezo, John Thompson, akamwita katika timu yake. Mutombo akauacha udaktari, lakini hakuyaacha masomo. Mwaka 1991 alipata shahada katika elimu ya lugha na ya mambo ya mataifa, ndipo akaenda kucheza kwa mshahara katika timu ya Denver. Alicheza misimu 18 katika ligi ile kuu. Aliizuia mipira ya wapinzani mara 3,289, na tangu hesabu hiyo ilipoanza kuandikwa ni mtu mmoja tu aliyempita, Hakeem Olajuwon wa Nigeria. Na huyo Olajuwon, katika ujana wake huko Lagos, alikuwa nani? Mlinda lango! Nilipolifahamu jambo hilo nilicheka peke yangu kwa furaha.

Mlinda lango hujifunza kuutazama mpira ukiwa bado mguuni mwa mpinzani. Hujifunza kungoja, na kuruka kwa wakati wake, si kabla. Mtu akihama uwanja, mazoea hayo hayabaki nyuma yakimlilia; huhama pamoja naye. Kwa hiyo methali yetu ni ya kweli kwa vitu vinavyoshikwa kwa kiganja, kama samaki wawili wanaoteleza mikononi mwa mvuvi wa ziwani. Lakini ujuzi haukai kiganjani.

Msomaji mwerevu atanipinga: «Lakini Mutombo naye aliliacha lango, akauacha na udaktari. Hakushika vyote.» Ni kweli, wala simlaumu anayeuliza hivyo. Siku ni moja na mwili ni mmoja. Ila hapa ndipo nilipoliona kosa langu. Nilidhani kwamba vipawa viwili vya kijana yule vinagombana. Vipawa havigombani, zinazogombana ni ahadi. Mtu akiuacha mchezo anaouweza, amemdhulumu nani? Hakuna, isipokuwa wapo watu aliowaambia, «Nitakuja.» Ninyi mnaojiandaa kutamka ahadi za ubatizo mbele ya watu wote mnafahamu neno hilo lina uzito gani. Nami sikumwuliza kijana hata mara moja ni nani aliyemwahidi.

Tena, kilichoachwa chaweza kurudi kwa mlango mwingine. Mama yake Mutombo, Biamba Marie, alifariki Kinshasa mwishoni mwa miaka ya 1990, siku za machafuko, asiweze kufikishwa hospitalini. Mwanawe akatoa zaidi ya dola milioni 15 za mali yake, na mwaka 2006 ikafunguliwa Kinshasa hospitali ya vitanda 300 yenye jina la mama huyo. Mwaka 2007 ikaanza kupokea wagonjwa. Mwenyewe hakuwa daktari, lakini madaktari walipata mahali pa kufanyia kazi kwa jasho lake la uwanjani. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na umri wa miaka 58.

Basi, Jumamosi asubuhi nikapanda mlima hadi nyumbani kwa kijana. Nikamwambia mbele ya baba yake kwamba nilimjibu vibaya, kisha nikamwuliza: «Nani uliyemwahidi kwanza?»

Akanyamaza kidogo. «Wale wa kikapu, Mwalimu. Niliwaambia tangu Jumapili. Ninyi hamkuniuliza, mlihesabu tu kwamba nitakuwapo.»

Ilikuwa kweli. Hatukumwuliza. Akaenda mjini kucheza kikapu, nasi tukamweka langoni mtoto mwingine, anayefumba macho mpira ukija, tukafungwa mabao manne. Jumatatu wenzake hawakumsalimu. Nikasimama mbele ya darasa, nikaeleza kwamba lawama ni yangu. Wengine walikubali, wawili watatu wananung'unika hata leo.

Kwa mchezo ujao nimekwisha kumwuliza, mapema, wenzake wote wakisikia. Alifikiri kwanza, akahesabu siku kwa vidole, ndipo akasema atakuja.