Imekataa Kuwaka: Tumechunguza au Tumehukumu?



Kompyuta ya nyumbani ikikataa kuwaka, swali la kwanza huwa, "Nani aliigusa mwisho?" Mtoto wa darasa la saba anaitwa, anagombezwa, pengine anachapwa. Hakuna aliyeuliza mashine yenyewe ina nini.

Fundi mzuri haanzi hivyo. Hata bisibisi haishiki kwanza. Anaanza na soketi: anachomeka chaja ya simu pale pale aone kama stima inafika. Halafu anasikiliza. Je, feni inazunguka? Kama kuko kimya kabisa, shida iko njiani kwa stima: waya, chaja, au swichi ndogo ya nyuma ambayo mtu aliizima akifagia. Kama ni laptopu, anachomoa chaja, anabonyeza kitufe cha kuwasha kama sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha anajaribu tena.

Feni ikizunguka na skrini iwe nyeusi, hiyo ni hadithi nyingine. Huenda ni waya wa skrini umelegea. Huenda vijiti vya RAM vimeingia vumbi. Anachomoa stima, anavitoa, anavipangusa, anavirudisha vikae imara. Na kama skrini inaandika kwamba haioni pa kuanzia, anaangalia kama kuna flashi iliyosahaulika, maana mashine huweza kutafuta uhai wake mle na kukosa.

Mnaona? Neno ni moja, "haiwaki", lakini magonjwa ni mengi, na dawa ya hili si dawa ya lile.

Sasa tuseme ukweli. Mpendwa akikosa ibada mara tatu, sisi husema nini? "Amerudi nyuma." "Amepoa." "Ana roho fulani." Tuna haki gani ya kutamka hivyo kabla ya kuangalia soketi?

Kuhani Eli alimwona Hana midomo ikicheza bila sauti, akadhani amelewa (1 Samweli 1). Kumbe mama wa watu alikuwa akimimina uchungu wake mbele za Mungu. Heri Eli, kwa sababu alipojibiwa alisikiliza, akambariki. Naye Elia, nabii wa moto, alikaa chini ya mti akaomba afe (1 Wafalme 19). Malaika hakumkemea. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Mazungumzo magumu yalikuja baadaye, huko Horebu.

Mwingine atasema, "Lakini pasta, vita vya kiroho vipo, na dhambi ipo." Amina, vipo, na dhambi ipo. Kuna wakati diski yenyewe imeharibika, na fundi mwaminifu hafichi. Lakini anasema baada ya kupima. Kuchunguza si kukosa imani, wala si kutetea dhambi. Ni kumheshimu mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Mwenye sonona anahitaji maombi yetu na daktari pia. Kumwambia tu aongeze imani ni kumwongezea mzigo.

Tena muogope fundi wa haraka, yule anayefuta kila kitu ndipo mashine iwake. Itawaka kweli, lakini picha za harusi na hesabu za chama zimeenda. Na mara nyingi diski ilikuwa nzima: ungeitoa, ukaiunganisha na mashine nyingine, kila kitu kingesomeka. Ndivyo tunavyofanya tukimtoa mtu kwenye kwaya na kwenye grupu ya WhatsApp kwa sababu amenyamaza. Tunafuta miaka ya utumishi ambayo bado imo ndani yake, nzima, ikingoja mtu wa kuunganisha waya.

Basi wiki hii, kabla ya kutaja jina la mtu kwenye ushirika wa nyumbani, mpigie simu. Afadhali umtembelee. Muulize: Unakula? Unalala? Kodi imelipwa? Umefiwa na nani ambaye hatukujua? Nyamaza usikie jibu lote. Kisha ombeni pamoja.

Bwana atupe masikio kabla ya midomo. Amina.