Mara Tatu ni Ngapi?

Huko Kamina, nchini Kongo, ambako reli itokayo Lubumbashi hugawanyika, tawi moja likishika njia ya Ilebo, iliyofunguliwa mwaka 1928, na la pili likielekea Kabalo, lililokamilika mwaka 1956, kila mtoto ajua kwamba behewa haliwezi kwenda pande mbili kwa safari moja. Sentensi, kwa bahati mbaya, yaweza, na ndiyo sababu napenda tulitazame fumbo hili la hesabu, ambalo mwalimu wa mji huo angeweza kuliandika ubaoni pasi na kudhani kuwa ametega mtego: “Behewa lilikuwa na magunia 40 ya mahindi, magunia yakaongezwa mara tatu, sasa yapo mangapi?”

Mwanafunzi wa kwanza ajibu 120, kwani amezidisha 40 kwa 3. Wa pili asema 160, kwani magunia 40 ya awali hayakuondoka, bali yaliongezewa mara tatu ya kadiri yake. Wa tatu aweka kalamu chini: kwake, mara tatu ni wapagazi kurudi mara tatu, wala hatukuambiwa kila mara walileta mangapi. Huyo atapewa sifuri, ilhali hakuna hata mmoja kati yao aliyekosea kuhesabu.

Twadhani hesabu ni elimu ya yakini, na ni kweli, lakini yakini yake huanza baada ya maana kukubaliwa, si kabla. Tarakimu ni shahidi mwaminifu asiyejua kesi ni ya nani. Nchi ya Waluba, ulipo mji huo wa Kamina, ina mfano wake: lukasa, ule ubao wa shanga na kauri uliohifadhi habari za wafalme, haukujisemea wenyewe, bali ulingoja kidole na ulimi wa mjuzi wa chama cha mbudye. Yeye aliitamka tafsiri yake mbele ya hadhira. Mwanafunzi wetu huificha ndani ya jawabu.

Basi adabu ya kulitatua fumbo lenye utata si kubahatisha alichokusudia mtungaji, wala kunyamaza kwa kiburi cha usahihi, bali ni kutanguliza sharti: ikiwa maana ni hii, 120, ikiwa ni ile, 160. Na alionaye neno “ikiwa” kuwa ni udhaifu, amfikirie karani aliyepakia kwa maana ya kwanza na mpokeaji angojaye kwa maana ya pili, wamekutana mbele ya behewa moja: magunia 40 yatakosekana pasipo mwizi, na mwizi atatafutwa.